Njaa Itarudi: Kuishi Vizuri Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito

Kijitabu hiki ni cha mtu aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, na ni cha yule anayempikia pia. Tumewaandikia pamoja kwa makusudi. Daktari hushughulika na mfuko wa chakula kwa saa chache, lakini kwa miaka yote inayofuata mambo huamuliwa jikoni.

Siku hizi huduma za kupunguza uzito hospitalini zinapatikana Nairobi na Dar es Salaam, ikiwemo Hospitali ya Taifa Muhimbili, Mloganzila, ambako wapo wanaowekewa puto tumboni bila kupasuliwa. Anayerudi nyumbani na mfuko mdogo wa chakula anahitaji maelezo yanayohusu chakula anachokijua: ugali, wali wa nazi, futari, sinia la sherehe. Hayo ndiyo tunayoyazungumzia hapa.

Kilichobadilika mwilini

Upasuaji unaofanywa zaidi ni wa aina mbili. Katika aina ya kwanza, daktari huondoa karibu robo tatu ya mfuko wa chakula, au zaidi, na kuacha mrija mwembamba. Katika aina ya pili hubakishwa kijifuko cha kama mililita 30 tu, kikaunganishwa na utumbo mwembamba, na chakula hakipiti tena kwenye sehemu kubwa ya mfuko wala mwanzo wa utumbo.

Wengi hudhani kazi yote ni kupunguza nafasi ya chakula. Kuna jambo jingine. Sehemu ya mfuko inayoondolewa katika aina ile ya kwanza ndiyo hasa inayotengeneza ghrelini, homoni inayouambia ubongo kwamba una njaa. Ndiyo maana miezi ya mwanzo mtu anaweza kusahau kula mpaka akumbushwe. Sukari ya mwenye kisukari inaweza kushuka mapema, hata kabla uzito haujapungua sana, na presha nayo hushuka. Kwa hiyo dozi za zamani za dawa zako zinaweza kuwa kubwa mno kwako. Usiziache mwenyewe wala usiendelee nazo kwa mazoea: daktari azipange upya.

Lakini njaa hainyamazi milele. Kwa walio wengi huanza kurudi mwaka wa kwanza ukiisha au wa pili, na mwili uliopungua huhitaji chakula kidogo kuliko ule wa zamani. Nchini Sweden ulianza utafiti mwaka 1987 uliofuatilia watu zaidi ya 2,000 waliofanyiwa upasuaji, kwa miaka mingi. Waliofanyiwa ule wa kuunganisha utumbo walifikia upungufu mkubwa wa wastani wa asilimia 32 ya uzito wao katika miaka miwili ya mwanzo, na baada ya miaka kumi wakabaki na asilimia 25. Kwa mtu wa kilo 120, hiyo ni sawa na kupungua kilo 38, kisha kurudisha kilo 8 hivi, na kubaki amepungua kilo 30. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha pia kwamba vifo vilikuwa vichache kwa waliopasuliwa kuliko kwa wenzao wanene ambao hawakupasuliwa.

Tunaitaja hesabu hii mapema ili mizani itakapopanda kilo tatu mwaka wa tatu, usidhani umeshindwa. Kupanda kidogo kunatarajiwa. Cha kujiuliza ni ulijizoeza nini katika miezi ile ambayo njaa ilikuwa imenyamaza. Aliyejizoeza kutafuna, kupima sahani na kutembea, njaa humkuta ameshapata njia. Aliyetegemea kukosa hamu peke yake huanza upya wakati mgumu zaidi.

Sahani yako

Ukishamaliza wiki za vinywaji na vyakula laini ulizopangiwa na hospitali, anza kila mlo na protini. Wataalamu wa lishe huelekeza wengi kupata gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku. Yai moja lina kama gramu 6, na glasi ya maziwa kama gramu 8. Samaki, kuku, maharage, kunde, choroko na maziwa mgando vyote vinafaa. Dagaa wakavu tunawapendekeza kwa moyo wote: wana protini nyingi kuliko nyama ya uzito uleule, bei yao watu wengi wanaimudu, na wakisagwa huchanganyika vizuri na mchuzi au mboga. Baada ya protini kula mboga, kama mchicha, matembele au kisamvu kisicho na nazi nyingi. Ugali au wali uje mwisho, kama nafasi ipo.

Ugali mgumu, mkate laini, wali uliokauka na nyama choma ngumu ni vyakula vinavyoweza kukwama, hasa miezi ya mwanzo. Mtu husikia kifua kimebanwa, mate hujaa mdomoni, kisha hutapika. Mara nyingi chanzo ni kula haraka. Mega kidogo, tafuna mpaka tonge liwe laini kabisa, pumzika, ndipo umege tena. Mlo wa dakika 20 au 30 usiuonee haya.

Maji yanywe mbali na mlo: acha nusu saa ipite baada ya kula. Lengo ni angalau lita moja na nusu kwa siku, kwa mafunda madogomadogo, kwani huwezi tena kugugumia glasi nzima. Soda, juisi ya miwa na chai ya sukari nyingi ni hatari ya aina yake, kwa sababu vinateleza: mfuko mdogo hauvizuii. Chupa moja ya soda ya mililita 350 ina sukari ya karibu gramu 35. Kwa walioungwa utumbo, sukari nyingi ikishuka kwa ghafla huleta mapigo ya moyo kwenda mbio, jasho, tumbo kukata na kuharisha. Hali hiyo hupita, ila inatisha, na dawa yake ni kuacha kilichoileta.

Hasara kubwa tunayoiona mara nyingi ni ya kudokoa: kashata mbili asubuhi, karanga mchana, crisps na soda jioni mbele ya televisheni. Hakuna kilichojaza tumbo, na siku imeisha bila mlo hata mmoja wa maana. Kula kwa saa zinazojulikana.

Sinia, sherehe na maneno ya watu

Kwetu chakula ni heshima. Mgeni asiyekula humtia mwenyeji wasiwasi, na mkwe anayeacha nusu ya sahani huulizwa kama chakula kibaya. Pwani watu huzunguka sinia moja la pilau, na ndani ya sinia hakuna anayejua amekula kiasi gani. Hatukuambii ujitenge na watu wako. Kaa nao, ila pakua chako kwenye kisahani kabla mikono haijaingia siniani, nyama kwanza na kachumbari, wali vijiko vichache. Kwenye harusi na arobaini kula kitu kidogo nyumbani kabla hujatoka, kwa sababu chakula cha sherehe huchelewa, na mwenye njaa ya saa tano usiku hachagui.

Kuna kauli inayowaumiza wagonjwa wetu kuliko kidonda chenyewe: "Mbona umekonda hivyo, unaumwa?" Katika jamii zetu kukonda ghafla kumehusishwa kwa muda mrefu na Ukimwi, kifua kikuu au dhiki ndani ya nyumba. Wengine wakisikia maneno hayo huanza kula kwa nguvu ili kuwanyamazisha watu. Si lazima umweleze kila mtu habari za upasuaji wako. Lakini kuuficha kwa watu wote kuna gharama, maana aliye karibu nawe ataendelea kukupakulia kama zamani, akidhani anakupenda. Chagua wachache wanaokula nawe kila siku, uwaambie ukweli. Kwa wengine inatosha kusema: "Nashukuru, nimeshiba. Daktari ameniambia nile kidogo kidogo."

Na wewe unayempikia, tunakuomba haya. Usimpikie chakula chake peke yake huku nyumba nzima ikila vyakula vya kukaanga. Punguza mafuta na sukari kwa wote, watoto watanufaika pia. Usimwambie "ongeza kidogo". Usimkagulie kila tonge, maana mtu mzima anayekaguliwa hujifunza kula kwa kujificha. Baba au mama mwenye nyumba akiwa ndiye aliyepasuliwa, watoto wakubwa waelezwe, wajue kwa nini sahani yake imekuwa ndogo.

Mfungo

Mfungo wa Ramadhani na mifungo mingine yenye saa nyingi bila maji huhitaji mazungumzo na daktari kabla mwezi haujaandama. Mwaka wa kwanza madaktari wengi hushauri kutofunga, kwa kuwa mwili bado haujaweza kupata maji na protini za kutosha katika saa chache za usiku. Dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa. Atakayeruhusiwa kufunga baadaye afungue kwa maji na supu au uji usio na sukari nyingi, asiikimbilie kaimati yenye shira, na daku asiiache.

Vidonge vya maisha

Mfuko mdogo haupokei chakula cha kutosha kuupa mwili vitamini zote, na aliyeungwa utumbo huzifyonza kwa shida hata akila vizuri. Vidonge vya mchanganyiko wa vitamini, B12, madini ya chuma, kalsiamu na vitamini D havina mwisho wa dozi, ni vya maisha yote. Kalsiamu na madini ya chuma viachane kwa saa mbili au zaidi. Chai nayo huzuia madini ya chuma kufyonzwa, kwa hiyo vidonge hivyo visiteremshwe kwa chai.

Usinunue dawa za maumivu dukani kwa mazoea. Diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kusababisha vidonda tumboni, hasa kwa walioungwa utumbo. Mwambie muuza dawa kwamba umefanyiwa upasuaji. Sigara nayo huleta vidonda hivyo. Pombe hulewesha haraka kuliko zamani, na wapo walioingia katika ulevi baada ya upasuaji bila kuwahi kuwa walevi.

Wanawake wafahamu kwamba uzito ukipungua uwezo wa kushika mimba huongezeka. Ushauri ni kusubiri mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Vidonge vya uzazi wa mpango huenda visiaminike kwa walioungwa utumbo, hivyo ulizia kitanzi au kipandikizi.

Ukitapika mfululizo kwa siku kadhaa, nenda hospitali. Usisubiri ipite. Vitamini B1 huisha haraka mwilini, na upungufu wake unaweza kudhuru ubongo na mishipa ya fahamu. Maumivu makali ya tumbo, homa, kinyesi cheusi au kupumua kwa shida ni dharura ya siku hiyohiyo.

Kutembea

Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 za mazoezi ya kadiri kwa wiki, na mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili. Kutembea kwa kasi kunatosha kuanzia. Misuli isipotumika hupungua pamoja na mafuta, na huo ni upungufu usioutaka.

Moyo nao

Nywele hupukutika kati ya mwezi wa tatu na wa sita, kisha kwa kawaida huota tena. Ngozi hulegea, na hiyo wengi hubaki nayo. Ila lililo zito zaidi ni hili: kwa miaka mingi chakula kilikuwa faraja ya huzuni, upweke na hasira, na sasa faraja hiyo imefungwa mlango huku huzuni ikiwa palepale. Baadhi huingia katika sonona, na baadhi hufikiria kujiua. Ukijiona hivyo, au ukimwona ndugu yako hivyo, mweleze daktari waziwazi kama ambavyo ungemweleza maumivu ya tumbo.

Kurudi kliniki

Kuna watu wanaoacha kliniki kwa sababu uzito umepanda na wanaona aibu kusimama kwenye mizani mbele ya muuguzi. Ni wakati huo hasa ambapo kliniki ina kazi kwako. Daktari anaweza kuchunguza kama mfuko umetanuka, akabadilisha dawa zinazonenepesha, au akakuandikia dawa za kupunguza hamu ya kula. Chai na vidonge vya "kukata tumbo" vinavyouzwa mitaani haviwezi hayo, na vingine vina dawa zisizoandikwa kwenye pakiti.

Mwaka wa kwanza vipimo vya damu hufanywa kila baada ya miezi mitatu hadi sita, halafu kila mwaka. Njoo na vidonge vyako vyote vikiwa kwenye mfuko mmoja, daftari la ulichokula siku tatu zilizopita hata kama hakipendezi, na kama unaweza, njoo na anayekupikia.