Somo la Wiki: Fundi Naye Ana Bei Sokoni

Ukurasa huu umezoea kukuletea bei za sangara, dagaa na kahawa. Bei ya fundi haiandikwi popote. Mwenye mtumbwi kisiwani Goziba huijua siku fundi wake wa mashine anapopanda boti na begi lake, asirudi.

Goziba, wilayani Muleba, ni kisiwa cha makambi ya uvuvi. Wengi wa waliopo wametoka kwingine: Ukerewe, Mara, Mwanza, pwani ya Bukoba. Wamefuata samaki, na samaki naye amefuata bei. Dagaa wa visiwa hivi huishia soko la Mwaloni, Kirumba, na kutoka hapo baadhi huvushwa hadi Kongo. Sangara huwekwa kwenye barafu, hupelekwa viwandani, na minofu yake husafiri hadi Ulaya. Kwa hiyo utandawazi ulifika Goziba kabla ya neno lenyewe kuzoeleka midomoni mwetu.

Tuangalie kwanza ujuzi ulioingia. Viwanda vya minofu viliposhamiri kandokando ya ziwa miaka ya 1990, vilihitaji watu wanaojua mitambo ya ubaridi na masharti ya wanunuzi wa nje. Baadhi yao walitoka nje ya nchi. Sheria ya Uwekezaji ya mwaka 1997 ilimruhusu mwekezaji kuanza na wageni hadi watano; ile ya mwaka 2022 ikapandisha idadi hadi kumi. Hata ndege za Ilyushin zilizobeba minofu kutoka Mwanza zilirushwa na marubani waliotoka nchi za uliokuwa Muungano wa Kisovieti, kama filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004 ilivyowaonyesha.

Mwaka 1999 Ulaya ilifunga mlango kwa sababu ya hofu ya samaki waliovuliwa kwa sumu. Mlango ulifunguliwa tena mwaka 2000, baada ya serikali kuweza kuthibitisha ukaguzi wake. Mfanyabiashara asipite hapa haraka. Samaki walikuwepo ziwani muda wote huo. Kilichotakiwa na mnunuzi ni mtu mwenye ujuzi wa kupima, na karatasi yenye sahihi yake.

Sasa upande wa pili. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Tanzania ilifungua ajira kwa fani zilizoorodheshwa tu. Wahasibu walipata makubaliano ya kutambuliana vyeti mwaka 2011, wahandisi mwaka 2012. Nahodha anayejua upepo wa Goziba usiku wa giza hana cheti cha kuonyesha. Akivuka kwenda maji ya Uganda au Kenya, huvuka kwa kujuana, na mara nyingi hulipwa atakavyoamua mwenye chombo. (Wahaya wa zamani waliokwenda Buganda kutafuta kibarua wangemwelewa vizuri.)

Je, wewe mwenye mtaji mdogo hili linakuhusu nini? Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme mtumbwi wako wa dagaa, ukishatoa mafuta, chakula na fungu la wavuvi, unakuachia shilingi 120,000 kwa usiku. Dagaa huvuliwa kwenye giza. Mbalamwezi ikiwaka mnapumzika. Fundi wako ameomba nyongeza ya 100,000 kwa mwezi, ukakataa, akaondoka. Mashine ikafa katikati ya giza. Umesubiri fundi kutoka bara usiku tatu. Umepoteza 360,000 kabla hujamlipa fundi huyo mgeni nauli na kazi yake, na usiku zile tatu hazirudi mpaka giza lijalo.

Wapo wanaosema dawa ni kumnyima fundi cheti ili asiende popote. Mwandishi hakubaliani nao. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini, mlipie ada. Ni kweli, akiwa na cheti atapata wanaomtaka wengi zaidi. Basi andikianeni kabla: wewe unatoa ada, yeye anakaa misimu mliyokubaliana na kumfundisha kijana mmoja, na fungu lake linapanda kwa kiasi kinachotajwa. Shahidi awe kiongozi wa BMU, na kila mmoja abaki na nakala. Kama mtaji hautoshi kulipia wawili, anza na fundi wa mashine. Nahodha mwingine unaweza kumwazima kambi ya jirani kwa usiku mmoja, lakini mashine iliyokufa maili nyingi kutoka Bukoba haimsubiri mtu wa kuazima.