Meli Kuukuu na Mafundi Wake: Maswali kutoka Kibirichia

Kibirichia ni nchi ya viazi na baridi ya Mlima Kenya; mawimbi yako mbali. Hata hivyo, fundi wa meli aliyestaafu na kurudi huku kulima haishi kuulizwa habari za meli za kale na za manowari. Haya ndiyo maswali anayokutana nayo mara nyingi, pamoja na majibu yake.

Fundi, sisi watu wa mlimani meli zinatuhusu nini?

Zinawahusu, kwa sababu meli kubwa za maziwa yetu zilipita nchi kavu kabla hazijagusa maji. Stima *William Mackinnon* iliundwa Uskoti, ikafunguliwa vipande vipande na kuletwa Mombasa miaka ya 1890. Vipande vingine vilifika Ziwa Viktoria vichwani mwa wapagazi, na mwaka 1900 stima ikashushwa majini Kisumu. Historia ya meli bara ni historia ya watu wa bara pia: wapagazi, mafundi wa reli na wahunzi.

Katika Afrika Mashariki, ni meli gani iliyookolewa ikaishi maisha marefu kuliko zote?

Ni *Liemba* ya Ziwa Tanganyika. Iliundwa mwaka 1913 na kiwanda cha Meyer huko Papenburg, Ujerumani, kwa jina *Graf von Goetzen*. Ikafunguliwa, ikapakiwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam, kisha ikapelekwa kwa reli hadi Kigoma. Huko iliunganishwa tena na kushushwa majini Februari 1915, vita vikiwa vimeshaanza. Mwezi Julai 1916 Wajerumani walipokuwa wakikimbia Kigoma, waliizamisha wao wenyewe ili adui asiichukue. Wabelgiji waliwahi kuiinua, ikazama tena. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, wakaikarabati, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la *Liemba*.

Injini iliyozama miaka hiyo yote iliwezaje kufufuka?

Mafundi watatu wa Meyer waliokuja na meli ndio walioamriwa kuizamisha. Kabla ya kufungua maji yaingie, walizipaka injini grisi nene. Mkulima wa ngano wa Timau anayepaka trekta lake grisi kabla ya kuliegesha msimu mzima anaelewa walichofanya: waliizamisha meli wakiwa na nia ya kuirudia. Jambo la pili ni maji yenyewe. Tanganyika ni maji baridi. Maji ya chumvi hupitisha umeme kwa urahisi zaidi, hivyo hukiozesha chuma haraka kuliko maji ya ziwa. Waingereza walipoifungua injini waliikuta bado inafaa. Meli ikaendelea kwa mvuke hadi miaka ya 1970, ndipo ikawekewa injini za dizeli.

Mbona manowari ya Wajerumani, *Königsberg*, haikupata bahati hiyo?

Ilikufa kifo kingine. Ilikuwa imeizamisha manowari ya Uingereza *Pegasus* katika bandari ya Zanzibar mnamo Septemba 1914, kisha ikajificha katika delta ya Mto Rufiji. Julai 1915 Waingereza walileta meli mbili za kina kifupi, *Severn* na *Mersey*, zikaipiga kwa mizinga hadi mabaharia wake wakailipua. Mabaki yakadidimia kwenye tope la mikoko, na vyuma vikachukuliwa na waokota chakavu. Kilichookolewa ni mizinga yake kumi, ambayo Wajerumani waliiburuta nchi kavu na kupigania nayo. Mmoja ulifungwa kwenye *Goetzen*. Ukienda Fort Jesus, Mombasa, utauona mzinga wa *Königsberg* pamoja na ule wa *Pegasus*, mahasimu wa zamani sasa wako uwanja mmoja.

Na meli za mbao je, zinaweza kuinuliwa?

Zinaweza, lakini mwenye kuinua ajiandae kulipa kwa miaka mingi. Mbele ya Fort Jesus kumelala *Santo António de Tanná*, meli ya kivita ya Wareno iliyozama mwaka 1697, Waomani walipokuwa wameizingira ngome. Wapiga mbizi waliichunguza kati ya 1977 na 1980, wakatoa vyombo vingi vilivyomo sasa kwenye makumbusho ya ngome. Gamba la meli walilipima, wakalichora, kisha wakaliacha chini.

Huo haukuwa uzembe. Ubao uliolowa karne nyingi ukiuanika jua utajikunja na kupasuka. Wasweden walipoinua *Vasa* mwaka 1961, waliinyunyizia kwa miaka 17 dawa ya polietilini glaikoli, aina ya nta inayoyeyuka majini, ili ichukue nafasi ya maji ndani ya mbao. Asiye na fedha za kazi hiyo ni heri aiache meli ndani ya mchanga, usioruhusu hewa wala wadudu watoboao mbao.

Meli ya chuma ikipandishwa chelezoni, fundi huanzia wapi?

Huanza na nyundo na masikio. Bamba zima hulia kwa ukali. Lililoliwa na kutu hutoa sauti butu. Kisha hupita na kipimo cha mawimbi ya sauti, kusoma unene bila kutoboa. Bamba likipungua takriban robo ya unene wake, hukatwa na kubadilishwa. Kwa meli za zamani zilizofungwa kwa ribiti, mchomeleaji awe na subira: joto likizidi karibu na mstari wa ribiti, ribiti hulegea na maji hupenya mahali palipokuwa pakavu asubuhi. Mwisho ni kupaka rangi na kufunga vipande vya zinki, vilivyowekwa viliwe na kutu badala ya meli. Kwenye maji baridi tunatumia magnesi.

Gharama zote hizo, si afadhali kununua mpya?

Wakati mwingine ni afadhali. Nitakachokuambia ni kwamba meli kuukuu huokolewa na kazi iliyobaki kuifanya. *MV Uhuru* ilikaa bure Kisumu zaidi ya miaka kumi, ikafufuliwa mwaka 2019 kwa kuwa kulikuwa na mafuta ya kupeleka Port Bell, Uganda. *KNS Nyayo* na *KNS Umoja* zilipelekwa Italia kukarabatiwa kwa sababu pwani yetu bado ilihitaji doria. Mwaka 2015 wakimbizi wa Burundi waliokwama Kagunga waliihitaji *Liemba*, ikawavusha hadi Kigoma ikiwa na miaka zaidi ya mia moja. Meli ikishakosa abiria na shehena, hata bajeti ya rangi hukosekana, na kutu haisubiri mkutano wa kamati.

Kijana wa Kibirichia anayetaka ufundi huu aanzie wapi?

Aanzie karibu. Uchomeleaji hufundishwa Kiirua, hapo jirani, na anayeshika mstari mnyoofu kwenye bomba ameshapiga hatua. Kisha kuna Bandari Maritime Academy, Mombasa, na kiwanda cha meli cha Kisumu, ambako *MV Uhuru II* iliundwa. Ajifunze pia kusoma michoro ya zamani, maana meli nyingi atakazokutana nazo zitakuwa zimemzidi umri.