Mgunga na Sisimizi Wake

Watoto wa Bagira, waliozoea mvua za vilima vya Ziwa Kivu, huufahamu mti wa miiba siku wanaposhuka kuwaamkia jamaa zao katika bonde kavu la Ruzizi. Mmoja alirudi akichechemea, akaniuliza: «Mwalimu, kama mbuzi wote wangeondolewa, je, mti ule usingepata raha?» Swali hilo si la kitoto. Jibu lake tulifuate mpaka nchi ya Kenya, ambako jambo hilo limejaribiwa.

Huko Laikipia, penye ukame na udongo mweusi upasukao wakati wa jua, huota mgunga mfupi wenye miiba mirefu myeupe. Baadhi ya miiba huvimba chini kama kitunguu, na ndani yake ni tupu. Sisimizi hutoboa vitundu, hukaa humo. Upepo ukivuma, vitundu hulia kama filimbi. Mti huwapa nyumba, tena huwapa maji matamu yatokayo penye majani. Nao hulipa kodi yao: mnyama akigusa tawi, humtokea kwa wingi na kumwuma. Hata tembo, asiyejali miiba, huuepuka mti huo, kwani sisimizi humwingia mkongani.

Mwaka 1995 wataalamu wa Mpala walizungusha ua mahali kadhaa, tembo na twiga wasiingie. Wewe msomaji ungedhani miti ilistawi. La, sivyo! Kwa kuwa haikuliwa tena, ilipunguza nyumba na maji matamu. Walinzi wakadhoofika. Wakaingia sisimizi wa aina nyingine, wavivu wa vita, ambao hukaa katika matundu ya wadudu watoboao shina, na wadudu hao wakazidi. Baada ya miaka 10 miti ya ndani ya ua ilikua polepole na kufa zaidi kuliko ile ya nje, iliyotafunwa kila siku. Habari hizo zilitangazwa mwaka 2008.

Je, walinzi wakiuawa huku tembo wangalipo? Hilo nalo limetokea Laikipia. Wamefika sisimizi wageni wenye vichwa vikubwa, wakawaangamiza wenyeji. Sasa tembo huivunja miti ovyo. Uchunguzi wa mwaka 2024 ulionyesha kwamba simba, kwa kukosa vichaka vya kujificha, huua punda milia wachache kuliko zamani, na wameanza kupambana na nyati.

Mwanafunzi wangu alipoyasikia hayo aliuliza kama sisimizi hao wageni wanaweza kufika Ruzizi.