Mbegu Zilizopigwa Miale: Je, Ni Sumu?



Swali hili limerudi mara nyingi vikaoni: ati kuna ngano iliyopigwa miale, tukiila hatutadhurika? Na majani yake tukiwapa ng'ombe? Haya, tusome pole pole.

Ngano ni nyasi. Mahindi, mtama, wimbi na napia ni ukoo huo huo. Mwaka 1928 Mmarekani Lewis Stadler alieleza jinsi alivyopiga mbegu za shayiri kwa eksirei na mimea ikabadilika. Siku hizi hutumika sana miale ya gama, itokayo kwa madini ya kobalti. Miale hiyo hupita ndani ya mbegu, haibaki humo. Wewe ukipigwa eksirei ya kifua, je, unarudi nyumbani ukitoa miale? Hata mbegu ni hivyo.

Lakini ikipita huvunja-vunja chembe za urithi, na hapo ukuaji hubadilika. Kipimo chake huitwa grei. Grei 5 zikimpata mtu mwili mzima zaweza kumwua. Ngano kavu hupewa kama 200 na bado ikaota! Ila huota kwa kuchelewa, mizizi mifupi, majani yamedumaa, mengine yana mistari myeupe, na masuke yana mapengo. Kwa hivyo mtu akikuambia miale ni kama mbolea, mwache aende zake.

Ukizidisha hadi maelfu ya grei, utashangaa: chipukizi bado hutoka. Sehemu zilizokuwa tayari ndani ya mbegu hunywa maji na kurefuka, lakini mpya haziongezeki. Baada ya siku chache mmea husimama, halafu hufa. Mbegu kuota, basi, si kusema ni nzima.

Sasa faida iko wapi? Iko kwa watoto wa mimea hiyo dhaifu. Wataalamu hupanda kizazi cha pili, maelfu ya mimea, wakitafuta michache iliyopata tabia njema. Mingine yote hutupwa. Ni kazi ya miaka. Hapa Kenya ndivyo ilivyopatikana Njoro-BW1, ngano ya kuvumilia ukame, iliyotolewa mwaka 2001. Mwaka 2014 ikaja Eldo Ngano 1 ya Chuo Kikuu cha Eldoret, inayostahimili kutu ya shina, ule ugonjwa wa Ug99 uliotambuliwa Uganda mwaka 1999 na kutia hofu wakulima wa ngano kila mahali.

Kitu cha kuogopa kiko karibu zaidi: ule unga wa rangi, mwekundu au wa kijani, unaopakwa mbegu za dukani. Hiyo ni dawa ya wadudu na ukungu. Mbegu ikibaki usiioshe ukapika, wala usiwape kuku. Akina mama, hata mfuko wake usiwekee unga.

Maswali ya kikundi:
1. Mbegu zetu zilizobaki tunaziweka wapi, na watoto wanafika hapo?
2. Nani atamwuliza ofisa wa kilimo ni mbegu gani inafaa udongo wetu?