Jino limeingia ndani: tungoje vyuma?

SWALI: Binti yangu ana miaka 9. Meno yake ya juu ya mbele yamebanana, na moja limeingia ndani. Akiuma, linakaa nyuma ya meno ya chini. Daktari wa meno anataka kumtengenezea kifaa cha plastiki cha kuvaa na kuvua. Shangazi yake anasema tunatupa hela, tungoje awekewe vyuma akikua. Nifuate lipi?
Mama, Morogoro

JIBU: Mama, shangazi ana hoja, ila kwa jino hilo moja usimsikilize. Jino la juu likikaa nyuma ya la chini, kila akiuma yanagongana. Meno husagika, na ufizi wa lile la chini unaweza kushuka hadi mzizi uonekane. Hilo halingoji.

Kifaa chenyewe hukaa kwenye kaakaa, kikishikwa na waya kwenye magego. Springi nyembamba nyuma ya jino hulisukuma mbele taratibu. Vingine vina skrubu katikati ya kupanua nafasi: mzazi huizungusha kwa ufunguo mdogo, robo mzunguko kila mara, kwa siku alizopanga daktari. Robo moja ni kama milimita 0.25 tu, kwa hiyo usiongeze ili amalize haraka.

Shangazi yuko sahihi hapa: kifaa hiki hulaza jino upande fulani, basi. Hakilinyooshi lililojipinda, wala hakiusogezi mzizi vizuri. Kama taya lina upungufu mkubwa wa nafasi, vyuma vya kubandikwa vitahitajika meno ya utotoni yakiisha, pengine na kung'oa magego madogo. Muulize daktari wako waziwazi: nafasi ya jino hili ipo?

Kinachoviangusha vifaa hivi mara nyingi ni kukaa kabatini. Kuvaa usiku tu hakutoshi. Binti akivue anapopiga mswaki na anapocheza michezo ya kugongana. Muda mwingine kiwe mdomoni. Siku za kwanza mate yatamjaa na atatamka kama mwenye pipi mdomoni. Msomeshe gazeti kwa sauti, ulimi utazoea. Kisafishwe kwa mswaki na maji baridi, maana ya moto hukipinda. Akikivua shuleni akiweke kwenye kikopo chake, asikifunge kwenye karatasi. Vingi vimeishia jalalani hivyo.

Jino likishavuka mbele na kuyafunika kidogo ya chini, hayo ya chini ndiyo huwa kizuizi lisirudi.

Jambo moja hukuliuliza: magego yake ya utotoni. Moja likitoboka, lizibwe. Wengi hung'oa wakisema litaota jingine, kumbe gego la kudumu linaloota mtoto akiwa na miaka 6 husogea mbele na kuziba nafasi ya hilo jingine. Kama ni lazima ling'olewe, ulizia kifaa cha kuitunza nafasi hiyo siku hiyohiyo.