Dondoo muhimu: Kufunga grupu la mashabiki bila kinyongo

Grupu la WhatsApp la watani wa Simba na Yanga, Kasulu hadi Kibondo, likifika mwisho, liagwe kistaarabu.

- Tangaza mapema. Toa wiki mbili. Wapo wanaonunua bando siku ya gulio tu.
- Hesabu kwanza. Mweka hazina aweke wazi salio la michango ya jezi na rambirambi, pamoja na picha za miamala. Wanachama ndio waamue chenji iende wapi.
- Okoa kumbukumbu. Hamisha gumzo na picha zake kabla ya kufuta chochote. Mzee mwenye simu ya kitochi msafishieni picha mbili tatu studio.
- Hifadhi namba za wenzako, ila usizigawe kwa wafanyabiashara.
- Usitoroke. Tangu 2022, taarifa ya anayejitoa huwafikia maadmini tu; wengine hawatapata taarifa kwamba umeondoka. Andika neno la kwaheri.
- Kutaneni ana kwa ana. Dabi moja kibanda umiza yatosha: utani, soda, mikono ya buriani.
- Admini awe wa mwisho. Azuie wengine kuandika, aache ujumbe mmoja wa shukrani na namba ya kuulizia madeni.