Usinunue Mahali pa Kuzaliwa

*Bibi, mimi ni mama wa miaka 31, mzaliwa wa Nakonde, upande wa Zambia. Mwaka 2014 niliolewa na Mtanzania, dereva wa malori yanayokwenda Kongo, na tunaishi Tunduma. Mahari ililipwa na wazee walikaa, ila cheti cha ndoa hatuna. Tuna watoto wawili: wa kwanza nilimzalia Nakonde kwa mama yangu, wa pili hapahapa. Kibali cha ukaazi sijawahi kuwa nacho, navuka tu kama wenzangu. Nauza mchele sokoni, na kiwanja tulichonunua Mpemba kimeandikwa jina langu kwa kuwa mume hakai nyumbani. Sasa kila ninapogusa wanataka kitambulisho cha taifa cha NIDA. Kuna kijana anataka laki nne anitolee cheti cha kuzaliwa kinachosema nilizaliwa Mpemba, ndipo NIDA ifuate. Mume wangu anasema sisi sote ni Wanyamwanga, nani atajua? Mama yangu naye analia nisiuache uraia wa Zambia. Nifanye nini? — B.N., Tunduma*

Mwanangu B.N.,

Nimeisoma barua yako mara mbili, na sioni ndani yake mtu mhalifu. Naona mama anayelea watoto na kuuza mchele, mume yuko njiani kuelekea Lubumbashi, na kila dirisha la ofisi linamuuliza namba asiyo nayo. Umefanya vema kuuliza kabla ya kutoa hizo laki nne. Kama umeshazitoa, basi ziache zipotee hukohuko, usizifuate.

Mpaka haukuwauliza babu zenu

Mumeo hasemi uongo. Wanyamwanga wako pande zote mbili. Waingereza na Wajerumani ndio waliokubaliana mwaka 1890 nani achukue wapi, na hakuna aliyekwenda kumuuliza mkulima wa Nakonde wala wa Mpemba. Hadi leo mtu huondoka Tunduma saa tatu asubuhi akafika Nakonde saa mbili, kwa sababu saa za Zambia ziko nyuma kwa saa moja. Mnaoana, mnazikana, shilingi na kwacha zinalala kwenye pochi moja.

Lakini ujamaa ni kitu kimoja na uraia ni kitu kingine. Kabila lako halimo katika Sheria ya Uraia ya mwaka 1995. Sheria hiyo inajua njia tatu tu za kuwa Mtanzania: kuzaliwa, kurithi kwa mzazi, na tajnisi, yaani uraia wa kuomba. Ukienda ofisini ukasema "mimi Mnyamwanga", afisa atakuuliza ulizaliwa wapi, wazazi wako ni akina nani, na babu zako walizikwa wapi. Anayedhani kwamba damu inatosha kuwa jibu hajawahi kukaa kwenye kile kiti.

Wewe ni mtoto wa jimbo la Muchinga, kwa hiyo nikupe mfano wa nyumbani kwenu. Mzee Kenneth Kaunda alizaliwa Lubwa, Chinsali. Aliiongoza Zambia tangu uhuru mwaka 1964 hadi 1991. Mwaka 1999 mahakama ikatamka kwamba hana uraia wa nchi yoyote, chanzo kikiwa ni wazazi wake waliotoka Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Baadaye haki yake ilirudi, lakini alikuwa na mawakili na jina la kumtetea. Wewe ukiulizwa swali hilo na karatasi zako ni za kughushi, atakutetea nani?

Anachokuuzia yule kishoka

Kijana huyo anakuuzia mwaka mmoja au miwili ya kulala usingizi, kisha hofu ya maisha. Cheti cha kuzaliwa cha RITA kinachotaja Mpemba kitapingana na kadi ya kliniki ya mtoto wako wa kwanza, iliyoandikwa Nakonde. Kitapingana na kitambulisho chako cha Zambia, na majirani zako wa sokoni wanaijua lafudhi yako na kwenu. Tunduma haina siri, mwanangu. Siku utakapogombana na mtu kwa deni la magunia mawili, atakwenda Uhamiaji kabla ya kwenda kwa mwenyekiti wa mtaa.

Kutoa maelezo ya uongo ili uandikishwe kuwa raia ni kosa la jinai. Huendi peke yako: mumeo aliyekudhamini anaingia, na mwenyekiti aliyegonga mhuri anaingia. Watoto wako nao wataulizwa maswali ambayo wasingeulizwa, kwa sababu mama yao alijiandika mtu mwingine.

Nakuomba ulitazame na hili. Sheria inakupa haki kwa sababu wewe ni Mzambia uliyeolewa na Mtanzania. Ukijiita mzaliwa wa Mpemba, unaiua haki hiyo kwa mkono wako mwenyewe. Unalipa laki nne ili kuufunga mlango uliokuwa wazi.

Mlango wenyewe uko wapi

Mgeni wa kawaida anayetaka uraia wa tajnisi ana safari ndefu. Awe ameishi nchini miezi kumi na miwili mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka kumi iliyotangulia hiyo miezi, awe ameishi hapa jumla ya miaka isiyopungua saba. Ajue Kiswahili au Kiingereza, awe na tabia njema, aonyeshe mchango wake kwa nchi, na akusudie kukaa hapa moja kwa moja.

Mke wa Mtanzania amewekewa njia yake. Sheria inamruhusu kuomba tajnisi wakati wowote mume wake akiwa hai. Wanaume wa kigeni waliooa Watanzania hawakupewa njia hii. Hao hurudi kwenye ile ndefu. Sasa yasome tena maneno hayo: *mume wake akiwa hai*. Mumeo anaendesha lori usiku na mchana katika barabara ya kwenda Kongo. Simwombei baya, Mungu amlinde. Ila mkikaa miaka mingine kumi mkisema "tutashughulikia", siku moja unaweza kuamka mjane, mgeni, asiye na kibali, katika nyumba unayoiita yako.

Njia hiyo ina vikwazo viwili, na vyote viko mikononi mwenu.

Cha kwanza ni ndoa. Mahari na kikao cha wazee vimekufanya mke mbele ya ukoo, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa ya kimila. Ofisi, hata hivyo, haiwezi kuwaita wazee wa Nakonde kila inapofungua faili lako. Inataka cheti. Nendeni ofisi ya Mkuu wa Wilaya ya Momba mkaulize utaratibu wa kuisajili ndoa yenu, na muwachukue mashahidi waliokuwepo mahari ilipopokelewa.

Cha pili ni kibali. Miaka yote hii umekaa bila kibali cha ukaazi. Ruhusa ya kuvuka kwa matembezi haikufanyi mkaazi, na kwenda Nakonde kila wiki ukarudi hakufuti swali hilo. Sitakudanganya kwamba afisa atakupokea kwa chai. Huenda mkatozwa faini, huenda mkasemwa. Ndiyo maana nataka kwanza mwone mwanasheria au msaidizi wa kisheria. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, wasaidizi hao wanatambulika rasmi, na asiye na uwezo husaidiwa bure. Kisha mwende Uhamiaji wote wawili, mume akiwa na vielelezo vyake, mkajieleze kabla hamjakamatwa. Anayejipeleka na anayekutwa kwenye msako hawatazamwi kwa jicho moja.

Ada zote ziulizeni dirishani, na mlipe kwa namba ya malipo ya serikali tu. Anayetaka pesa mkononi nje ya geti ni ndugu wa yule kishoka wako.

Ujue pia kwamba kuomba si kupewa. Anayeamua ni Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi. Halazimiki kutoa sababu akikataa, na uamuzi wake haukatiwi rufaa. Kwa hiyo faili lako liwe safi tangu siku ya kwanza, maana hutakuwa na pa kwenda kulitetea.

Machozi ya mama yako

Mama yako halii bure. Tanzania haimruhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili. Zambia ililegeza mwaka 2016: katiba yao sasa inasema raia hapotezi uraia kwa kupata wa nchi nyingine. Watakuja watu kukwambia, "Chukua wa Tanzania, kile kitambulisho cha Zambia kifiche kabatini." Wasikilize, kisha uwapite. Upande wa Zambia hutaulizwa, ila upande huu utatakiwa uukane uraia wa kwanza. Na raia wa tajnisi, tofauti na wa kuzaliwa, anaweza kunyang'anywa uraia ikibainika kuwa alidanganya. Mshika mbili moja humponyoka. Wewe unaweza kuponyokwa na zote.

Lakini usikimbilie kukana kabla hujaambiwa kwamba umekubaliwa na sasa ni wakati wake. Wakumbuke wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972, walioishi Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Zaidi ya 162,000 waliidhinishiwa uraia wa Tanzania mwaka 2010, wakiwa wametakiwa kuuacha wa Burundi. Vyeti vyenyewe havikuanza kutolewa hadi Oktoba 2014. Katika miaka ile ya katikati, mtu hakujua ajiite nani. Nchi iliwapokea, na jambo lile linakumbukwa kwa heshima, lakini kusubiri kule kuliwatesa. Kwa hiyo uulize kwa mdomo wako: ninakana lini, kwa karatasi gani, na nitashika nini mkononi siku hiyo?

Na kama mama yako analilia pia shamba la baba yako huko Nakonde, nenda ukae na ndugu zako na wazee wa huko kabla ya kujaza fomu yoyote. Kama shamba hilo ndilo litakalokulisha uzeeni, useme sasa. Kama lina kaka watatu wanaolilima na wewe hukanyagi huko hata wakati wa mavuno, basi usiruhusu jina la shamba likuamulie maisha ya watoto.

Watoto na kile kiwanja

Watoto wako wana baba Mtanzania, na hilo ni jambo kubwa. Aliyezaliwa Tunduma ni Mtanzania wa kuzaliwa. Aliyezaliwa Nakonde anaupata uraia kwa kurithi kwa baba, ila lazima ithibitike huyo ni baba yake: kumbukumbu za kuzaliwa za Nakonde, cheti cha baba, na cheti cha ndoa. Usimwandikishe kama aliyezaliwa Tunduma ili mambo yaende haraka. Uwaeleze pia mapema kwamba wakifika miaka 18, kama Zambia nayo inawahesabu kuwa wake kupitia kwako, watapaswa kuchagua.

Kiwanja cha Mpemba ndicho kinachonitisha. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, asiye raia hamiliki ardhi Tanzania isipokuwa kwa uwekezaji uliofuata taratibu zake. Kiwanja hicho kwa jina lako ni mgogoro unaosubiri mtu wa kuuanzisha. Muulizeni mwanasheria namna ya kukihamishia kwa mumeo. Najua unachowaza: akinifukuza je? Tunza risiti zote. Mahakama ya Rufani ilishaamua mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, kwamba hata kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Wewe una zaidi ya hapo, una pesa ya mchele. Lakini mahakama itaanza kwa kuuliza kama mlikuwa mke na mume, na hapo utaona cheti cha ndoa kinavyorudi tena.

Kama moyo haujakubali uraia

Hulazimiki kuwa Mtanzania ili uwe mke mwema au mama mwema. Mume anaweza kukuombea kibali cha kuishi naye kama mke, ukabaki Mzambia, ukawaona wazazi wako bila kukana chochote. NIDA yenyewe huandikisha pia wageni wakaazi, siyo raia peke yao, kwa hiyo namba unayoisaka inapatikana bila uongo. Hasara yake ni kwamba vibali huisha na huhuishwa, vina gharama, hutapiga kura, na ardhi utaiona kwa jina la mwenzio. Biashara yako nayo uiulizie, kwa sababu kuishi na kufanya kazi vina ruhusa tofauti. Wapo wanaoishi hivyo kwa heshima hadi wanazeeka.

Neno langu

Mwanangu, uraia unaweza kuufikiria mwaka mzima. Ndoa na kibali haviwezi kungoja. Mumeo akirudi safari hii, asipande lori tena kabla hamjafika ofisi ya Mkuu wa Wilaya kusajili ndoa. Baada ya hapo mwanasheria, kisha Uhamiaji, mkiwa wawili. Mkishapata kibali, vuka uende ukae na mama yako, umwulize ukweli wote wa shamba, ndipo uamue kama unaomba tajnisi au unabaki ulivyo. Uamuzi wowote utakaoufanya hapo nitauheshimu.

Kwa yule kijana wa laki nne, jibu ni moja: mwambie ulizaliwa Nakonde.